Mlima Ventoux na Waliotangulia Kuupanda

Vitabu vingi vya historia ya upandaji milima huanza hesabu Aprili 26, 1336. Siku hiyo mshairi Mwitalia Francesco Petrarca, akiwa na umri wa miaka 31, aliupanda Mlima Ventoux, kusini mwa Ufaransa, pamoja na mdogo wake Gherardo na watumishi wao. Katika barua yake mashuhuri alieleza kuwa kilichompeleka ni hamu ya kupaona mahali palipoinuka kiasi kile, basi. Kwa maelezo hayo wengi wamemwita baba wa wapanda milima. Lakini barua hiyohiyo inamtaja mtu aliyefika kileleni nusu karne kabla yake, na mtu huyo hakuandikwa hata jina.

Alikuwa mchungaji. Petrarca anasimulia kuwa walimkuta mzee huyo katika mabonde ya mlima, naye akawasihi warudi. Miaka 50 nyuma, aliwaambia, damu ya ujana ilimpandisha hadi juu kabisa, na alichovuna ni uchovu, majuto, na nguo zilizoraruliwa na mawe na miiba. Alipoona hawasikii, aliwasindikiza kidogo kati ya majabali, akawaonyesha njia kwa kidole, na wakamwachia vitu vilivyowalemea. Historia ya Ventoux imejaa watu wa namna yake. Wachungaji, wachoma mkaa, waongoza njia na wapanda miche ndio walioufanya mlima huu uwe jinsi wageni wanavyoukuta leo, na anayeusimulia bila wao anasimulia nusu tu.

Ventoux uko Provence, katika jimbo la Vaucluse, na una kimo cha mita 1,910. Hauna jirani wa kulingana naye, kwa hiyo unaonekana kutoka mbali katika bonde lote la mto Rhône. Kichwa chake ni cheupe mwaka mzima. Mgeni anayeutazama mwezi wa Julai, jua likiwa kali na panzi wakilia katika mizeituni, hudhani juu kuna theluji. Weupe huo ni mawe ya chokaa, masalio ya bahari iliyofunika eneo lile zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Baridi ya kila kipupwe huyapasua vipande vidogo vinavyoteleza chini ya kiatu, na upepo wa Mistral unaovuma kutoka kaskazini hupiga juu pale kwa nguvu za kumyumbisha mtu mzima.

Chokaa hainyweshi aliye juu yake. Mvua ikinyesha, maji huzama kwenye nyufa na kupotelea ardhini, ndiyo maana mtu anaweza kutembea kutwa Ventoux asikute kijito. Maji hayo husafiri katika mapango ya chini kwa chini, yakakutana na ya milima ya jirani, na kutokeza kwenye chemchemi ya Fontaine-de-Vaucluse, mojawapo ya chemchemi kubwa zaidi za aina hiyo duniani. Mwaka 1985 chombo kisicho na mtu kiliteremshwa humo na kufika kina cha mita 308. Petrarca mwenyewe alihamia kando ya chemchemi hiyo mwaka 1337, mwaka mmoja baada ya safari anayosifiwa kwayo.

Safari yenyewe aliianzia kijiji cha Malaucène, upande wa kaskazini-magharibi. Gherardo alishika njia ya mkato iliyopanda wima kuelekea juu. Petrarca alitafuta njia za mteremko mwepesi, zikamrudisha mabondeni mara kwa mara, akachoka kuliko mwenzake. Hatimaye walisimama kileleni. Mawingu yalikuwa chini ya miguu yao, milima ya Alpi ikionekana upande mmoja na Rhône ukipita karibu. Hapo mshairi akafungua kitabu cha Maungamo alichokuwa nacho, kilichoandikwa na Mtakatifu Augustino, Mwafrika mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo. Macho yake yaliangukia mahali ambapo Augustino anawashangaa watu wanaokwenda kustaajabia vilele na bahari, huku nafsi zao wamezisahau. Petrarca akafunga kitabu, akateremka kimya.

Watafiti wengi wanaona kuwa barua hiyo ilitungwa, au angalau ilisukwa upya, kama mwaka 1353. Aliyeandikiwa, mtawa Dionigi da Borgo San Sepolcro, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1342. Hilo halipunguzi uzuri wa maandishi yale, ila linatuonya. Petrarca aliandika safari ya roho, na mlima akaufanya ngazi ya fikra zake. Sifa ya kuwa wa kwanza alipewa na waliomsoma karne nyingi baadaye. Watu wa vijiji vya Malaucène na Bédoin walikwisha kuijua njia.

Waliijua kwa sababu waliishi nayo. Kiangazi walipandisha kondoo kwenye malisho ya juu. Walichoma mkaa. Walikata barafu iliyohifadhiwa upande wa kivuli wakaiuza mijini wakati wa joto. Mwishoni mwa karne ya 15 lilijengwa kanisa dogo la Msalaba Mtakatifu kileleni, na mahujaji wakawa wanapanda kwenda kusali. Wakati huohuo miti ilizidi kuteketea. Mbao zilipelekwa kwenye karakana za meli za Toulon, kuni zikaenda majikoni, na mifugo ikatafuna machipukizi. Kufikia katikati ya karne ya 19 mlima ulikuwa umebaki uchi karibu kuanzia miguuni, na mvua kubwa zilishuka na udongo hadi mashambani.

Mwaka 1860 Ufaransa ilitunga sheria ya kurudisha misitu milimani. Bédoin, chini ya meya wake Eymard, ilianza kazi mwaka 1861. Vibarua walichimba mashimo katika mawe makavu, wakapanda mialoni, misunobari na mierezi. Mbegu za mierezi zilitoka milima ya Atlas, Algeria, na leo anayepita chini ya kivuli chake upande wa kusini anapita chini ya miti yenye asili ya Afrika. Si kila mtu alifurahi. Mfugaji aliyezuiwa kuingiza kondoo kwenye malisho ya babu zake alilipa gharama ya msitu huo kabla mtu yeyote hajafaidi kivuli. Kilichosaidia ni mialoni, kwani kwenye mizizi yake huota trufu, uyoga wa thamani kubwa, na kijiji kikapata mapato.

Ndani ya miaka hiyo Ventoux ukampata mwandishi wake wa pili mkubwa. Jean-Henri Fabre, mwalimu aliyekulia katika umaskini na kupata umaarufu duniani kwa kuchunguza wadudu, aliupanda kwa mara ya 23 Agosti 1865. Safari hii walikuwa watu wanane, na aliyewaongoza kutoka Bédoin na nyumbu wake alikuwa mwenyeji aitwaye Triboulet, ambaye Fabre, tofauti na Petrarca, alimtaja kwa jina. Fabre aliona kwamba nusu siku ya kupanda Ventoux inampitisha mtu katika mimea ya safari ndefu kutoka kusini hadi kaskazini mwa dunia. Chini kuna mizeituni na zaatari, na juu katikati ya mawe kuna vijiua vya jamii ya vile vya nchi za barafu. Ukungu na mvua vilipowafunika jioni, aligundua mahali kibanda cha wachungaji kilipo kwa kupapasa majani yawashayo, yale yanayopenda kuota penye makazi ya watu. Mwanasayansi aliokolewa na alama za maisha ya wafugaji.

Baada ya hapo mlima ulifunguka haraka. Mwaka 1882 uliwekwa msingi wa kituo cha hali ya hewa kileleni, na barabara ikajengwa. Mashindano ya magari yalianza 1902. Mbio za baiskeli za Tour de France zilipita mara ya kwanza 1951, na Julai 13, 1967 mwendeshaji Mwingereza Tom Simpson akafariki kwenye mteremko wa mawe meupe, karibu na kilele. Tangu hapo dunia inaufahamu Ventoux zaidi kwa baiskeli kuliko kwa miguu.

Watembeaji, hata hivyo, hawakuuacha. Mwaka 1947 iliundwa kamati ya kitaifa ya njia ndefu za miguu, na alama za mistari miwili, mweupe na mwekundu, zikaanza kupakwa kwenye miti na mawe ya Ufaransa. Njia ya GR 4, mojawapo ya njia hizo, inaufikia mlima huu. Nyingi kati ya alama hizo hupakwa na kutunzwa na watu wa kujitolea, na mara nyingi njia hufuata mapito yaliyokanyagwa kwanza na kondoo na nyumbu. Anayepanda kutoka Malaucène ana zaidi ya mita 1,500 za kwenda juu, na ni lazima abebe maji ya kutosha, kwa sababu chokaa ni ileile.

UNESCO iliutangaza Ventoux hifadhi ya baiyongahewa mwaka 1990, na mwaka 2020 ukawa hifadhi ya asili ya kimkoa. Leo swali la msitu limegeuka. Msitu uliopandwa umeshika, unasogea juu wenyewe, na kila hatua yake inapunguza uwanja wa mimea adimu ya mawe na malisho yaliyobaki. Kondoo, waliolaumiwa zamani kwa kuuharibu mlima, sasa wanahitajika kuyaweka wazi malisho hayo. Maamuzi haya hayawezi kuachiwa wataalamu na wageni peke yao. Wafugaji wa Ventoux wana ujuzi wa mlima ulioanza kabla ya 1336, na wanastahili kiti katika kila kikao kinachoujadili, na majina yao yaandikwe katika kumbukumbu zake.