Kidakuzi Mlangoni kwa Wakili

Kwa desturi, anayeingia ofisini kwa wakili hufungiwa mlango. Anayoyasema humo hayatoki nje, na wakili mwadilifu hata hataji kwamba fulani alifika kwake. Mhasibu naye ni hivyo hivyo. Kazi zote za kitaalamu zinazouza ushauri zimesimama juu ya uaminifu huo. Siku hizi, hata hivyo, hatuanzii mlangoni, tunaanzia kwenye tovuti ya ofisi. Mwanafunzi wa ughaibuni anayetaka kujua afanye nini viza yake ikikaribia kuisha, au mzazi mwenye shauri la talaka, husoma kurasa tatu nne kimya kimya kabla ya kupiga simu. Na kabla hajamaliza mstari wa kwanza, kisanduku hujitokeza kumwambia kwamba tovuti hii inatumia vidakuzi: akubali vyote, au aende kwenye mipangilio.

Wengi wetu hubonyeza kukubali na kuendelea. Wengi pia hudhani kwamba habari ya vidakuzi ilianza na sheria za Ulaya zilizoleta visanduku hivyo. Sisi tunaona kwamba jambo lenyewe liliamuliwa mapema zaidi, na waliokuwa wakiamua walikuwa wahandisi. Wabunge walikuja baadaye kutafuta namna ya kuishi na uamuzi huo.

Kwanza neno. Kwa Kiingereza kitu hiki kina jina la biskuti, nalo lilitoka kwa watengenezaji wa programu za Unix, waliozoea kuita “biskuti ya kichawi” kipande kidogo cha data kinachopitishwa kutoka programu moja hadi nyingine bila kufunguliwa njiani. Kiswahili hakikuchukua biskuti. Kikatoa kidakuzi, na sikio la Mswahili husikia humo kitenzi kudaka, pengine na mwangwi wa kudukua. Sisi tunalipenda neno hili kuliko la Kiingereza, maana angalau halijifanyi tamu.

Sasa twende California, mwaka 1994. Marc Andreessen na Jim Clark wameanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Netscape, na vijana wao wanatengeneza kivinjari. Tatizo lao ni kwamba wavuti, kama Tim Berners-Lee alivyoubuni kule CERN, hauna kumbukumbu. Kila ukurasa unaoombwa ni ombi jipya lisilojua lililotangulia. Fikirini mwenye duka anayemsahau mteja kila anapogeuka kuchukua bidhaa rafuni: umemwambia sukari, akageuka, akirudi anakuuliza wewe ni nani. Kwa kusoma makala za kisayansi hilo halikuwa na shida. Kwa kuuza vitu lilikuwa balaa. Kampuni ya simu ya MCI ilitaka duka la mtandaoni, lakini haikutaka seva zake zibebe orodha za watu waliojaza vikapu nusu na kuondoka.

Lou Montulli, mhandisi wa Netscape aliyekuwa na umri wa miaka ya ishirini na kitu, ndiye aliyepata jibu, na akaandika maelezo yake ya kwanza pamoja na mwenzake John Giannandrea. Kumbukumbu akabebe mteja mwenyewe. Seva inaandika maandishi mafupi, kivinjari kinayahifadhi kwenye kompyuta ya mtu, na safari nyingine kinayarudisha kwa seva ile ile. Ni kama dobi: hakumbuki sura yako, lakini amekupa kikaratasi chenye namba, na ukirudi nacho anajua mashati yako yako wapi.

Hapa pana jambo ambalo husahauliwa. Palikuwa na njia rahisi zaidi, yaani kila kivinjari kipewe namba yake moja ya kudumu na kuionyesha kila mahali kinapokwenda. Montulli ameeleza baadaye kwamba waliikataa kwa sababu ingewezesha mtu kufuatwa kutoka tovuti moja hadi nyingine. Kwa hiyo kidakuzi kiliwekewa sharti kwamba aliyekitoa ndiye pekee anayerudishiwa. Kikaratasi cha dobi huyu hakisomwi na dobi wa mtaa wa pili. Chombo ambacho leo tunakilaumu kwa ufuatiliaji kilibuniwa na mtu aliyekuwa akiukwepa.

Kivinjari cha kwanza chenye vidakuzi kilitoka Oktoba 1994. Kazi yao ya kwanza ilikuwa ndogo mno, kujua kama mgeni wa tovuti ya Netscape aliwahi kufika au ndiyo mara ya kwanza. Watumiaji hawakuambiwa kitu. Kwa zaidi ya mwaka mmoja watu walihifadhi vidakuzi kwenye kompyuta zao bila kujua vipo, hadi gazeti la Financial Times lilipoandika habari zake Februari 1996 na minong'ono ikaanza.

Wakati huo tundu lilikuwa limekwisha kuonekana. Ukurasa wa wavuti hujengwa kwa vipande, na vipande hivyo si lazima vitoke sehemu moja. Maneno yanaweza kutoka kwa seva ya gazeti na picha ya tangazo ikatoka kwa seva ya kampuni ya matangazo. Kivinjari kikienda kuchukua picha hiyo, kampuni nayo inapata nafasi ya kuacha kidakuzi chake. Sharti la Montulli halijavunjwa, kwani kidakuzi kinarudi kwa aliyekitoa. Lakini kampuni hiyo hiyo ikiwa na picha kwenye tovuti elfu, itarudishiwa kikaratasi kile kile katika tovuti zote elfu. Dobi mmoja amekodi kona katika kila duka mjini. DoubleClick ilikuwa miongoni mwa kampuni zilizokua kwa njia hiyo.

Wahandisi waliliona tundu. IETF, jumuiya inayoandika kanuni za kiufundi za intaneti, ilimpa David Kristol wa Bell Labs na Montulli mwenyewe kazi ya kuandika kanuni ya vidakuzi. Hati yao, namba 2109, ilitoka Februari 1997, na ilitaka vidakuzi vya watu wa tatu, yaani wasio wenye ukurasa, vizuiwe tangu mwanzo, isipokuwa mtumiaji mwenyewe akiviruhusu. Netscape na Microsoft, waliokuwa wakigombea soko lote la vivinjari, hawakuifuata. Biashara ya matangazo ilikuwa imekwisha kuegemea tundu lile. Vivinjari viliacha mlango wazi, na anayetaka kuufunga akatafute mwenyewe kitasa ndani ya mipangilio.

Kwa maoni yetu hapa ndipo historia yote ilipogeukia. Watu wachache sana hubadilisha mipangilio waliyoikuta. Anayechagua hali ya mwanzo amewachagulia wengine karibu wote, na mwaka 1997 hilo liliamuliwa bila mahakama wala kura.

Yaliyofuata tutayapitia haraka. Mwaka 1999 DoubleClick ilinunua Abacus Direct, kampuni yenye kumbukumbu za manunuzi ya mamilioni ya familia za Marekani, kwa nia ya kuunganisha majina ya kweli na nyendo za mtandaoni. Makelele yakawa makubwa, FTC, tume ya Marekani inayolinda wateja, ikafungua uchunguzi, na Machi 2000 kampuni ikarudi nyuma. Mwaka 2007 Google ilitangaza kuinunua DoubleClick kwa dola bilioni 3.1, na ununuzi ukakamilika Machi 2008.

Turudi kwa wakili. Ofisi za ushauri hazikuwa na shida ya kikapu, kwani haziuzi sukari. Zilitaka kujua ni ukurasa upi unasomwa na mgeni ametokea wapi. Novemba 2005 Google ilitoa kipimo chake, Google Analytics, bure, na kitu cha bure hakina mpinzani. Tangu hapo tovuti ya kawaida ya ofisi ya mawakili au wahasibu ina vidakuzi vya namna mbalimbali. Kimoja kinamkumbuka mteja aliyeingia kwenye akaunti yake, na bila hicho asingeweza kusoma hati zake. Kingine kinakumbuka lugha aliyochagua. Kimoja, nacho kinachekesha, kinakumbuka kwamba alikataa vidakuzi. Kisha vinakuja vya kupima, na kile cha Google kwa kawaida huwekewa muda wa miaka miwili. Kwa sura ni kidakuzi cha ofisi yenyewe, lakini habari inazozikusanya huenda Google. Mwisho ni vya matangazo: ofisi ikiweka kwenye ukurasa kipande cha msimbo cha kampuni ya matangazo, kampuni hiyo hupelekewa anwani ya ukurasa unaosomwa.

Na anwani ya ukurasa wa wakili husema mengi. Ukurasa wa duka la viatu unaeleza kwamba mtu anataka viatu. Ukurasa wa kupinga kufukuzwa nchini, wa kufilisika, wa mke anayepigwa, unaeleza jambo ambalo msomaji huenda hajamwambia hata dada yake. Wakili hajavunja kiapo, maana mgeni huyo bado si mteja wake. Hatujui tuite nini hali ambayo mwenye ofisi ananyamaza na kizingiti chake kinasema, ila hatuwezi kuiita siri.

Sheria zilikuja polepole. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa 2002 ulitaka mtumiaji aarifiwe na apewe nafasi ya kukataa, na marekebisho ya 2009 yakataka akubali kwanza. Uingereza ilianza kuyatumia tarehe 26 Mei 2011, na msimamizi wa data akatoa mwaka mmoja zaidi watu wajiandae. Hapo ndipo visanduku vilipoanza kuota kama uyoga. GDPR ilipoanza tarehe 25 Mei 2018 ikasisitiza kwamba ridhaa iwe ya hiari na ya wazi, na tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika shauri la Planet49, ikasema kisanduku kilichokwisha kutiwa alama ya ndiyo si ridhaa.

Shauri tunalolipenda zaidi ni dogo. Desemba 2019 mamlaka ya data ya Ubelgiji iliitoza faini ya euro 15,000 tovuti moja ya habari za sheria, ambayo wasomaji wake ni watu wa sheria wenyewe. Miongoni mwa makosa, maelezo ya faragha yalikuwa kwa Kiingereza ilhali tovuti iliwaandikia wasemaji wa Kiholanzi na Kifaransa. Sisi wa chama cha Kiswahili tulisoma hapo mara mbili. Ridhaa iliyoombwa kwa lugha ambayo muombwaji haielewi vizuri ni ridhaa ya namna gani? Mashangazi na wajomba zetu wangapi hapa ughaibuni wamebonyeza kitufe cha kijani kwa sababu ndicho kilichong'aa?

Kung'aa huko si bahati mbaya. Desemba 2021 mamlaka ya Ufaransa, CNIL, iliitoza Google euro milioni 150 na Facebook milioni 60 kwa sababu kukubali kulihitaji mbonyezo mmoja na kukataa kulihitaji kadhaa. Kwa wenzetu wanaofikiria kurudi kufungua ofisi nyumbani, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya 2019 na inahesabu kitambulisho cha mtandaoni kuwa njia ya kumtambua mtu. Ile ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023.

Vivinjari vyenyewe vimegawanyika. Firefox ilianza kuzuia vidakuzi vingi vya ufuatiliaji bila kuombwa mwaka 2019, na Safari ikavizuia vyote vya watu wa tatu Machi 2020. Google iliahidi Januari 2020 kwamba Chrome itaviondoa ndani ya miaka miwili, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikauacha mpango huo. Aprili 2025 ikasema haitaleta hata kisanduku kipya cha kumuuliza mtumiaji. Kwa hiyo anayetumia Chrome na kutaka kile ambacho Kristol na Montulli waliandika mwaka 1997, bado anapaswa kuingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, na kukizima mwenyewe.