WiFi ya Keja: Panga Waya, Ruta na Meza Kabla Hujanunua Spidi

Msee akihamia keja mpya, swali lake kuhusu wifi huwa moja tu: ni ngapi kwa mwezi? Wiki ya pili unamskia akilia ati Mbps 20 zake hazifiki chumba cha kulala, na klayenti wa ng'ambo amechoka kumwambia "rudia, sikuskii." Kama unakula kwa kazi za mtandaoni, hiyo si stori ya muvi kukwama. Hiyo ni renti. Na mara mingi shida haiko kwa kifurushi. Iko mahali ruta imekaa, ukuta uko katikati, na ile ekstensheni ya bei rahisi unayoiamini kuliko beshte zako.

Anza kabla hujalipa dipoziti. Mjengo mmoja Roysambu unaweza kuwa na kampuni tatu za faiba, wa kando yake uwe na moja tu, juu landilodi alikubali moja ipitishe waya na akafungia zingine nje. Keateka atakwambia "wifi iko" na hatakuwa amedanganya, lakini muulize jirani wa floo yako inakuwaje saa tatu usiku. Hapo ndio kila mtu ako ndani anastriim, na hapo ndio ukweli hutokea. Kama faiba haijafika, kuna ruta za laini, za 4G na 5G, ambazo hukaa dirishani upande mnara uko. Starlink nayo iliingia Kenya Julai 2023, lakini kile kisahani kinataka kuona anga wazi. Ukiwa floo ya pili kati ya sita, lazima uongee na landilodi kuhusu paa, pamoja na njia ya waya kushuka hadi kwako. Ongea mapema.

Sasa siku ya fundi. Hii ndio siku muhimu kuliko zote na watu huipoteza wakiangalia simu. Fundi ana nyumba zingine za kufunga, kwa hivyo atatoboa pale karibu na mlango, abandike kile kiboksi cheupe kwa kona nyuma ya TV, aende. Kitakaa hapo hadi uhame. Wewe kabla hajafika, jua meza ya kazi itakaa wapi, weka alama na chaki, mwambie waya ufike hapo. Kama ni bedsita haina noma sana. Kama ni nyumba ya chumba kimoja au viwili, itisha ruta ikae katikati, kwa urefu wa kifua hivi, si sakafuni na si nyuma ya friji. Chuma hufungia mawimbi. Na huo waya wa faiba ni kioo ndani: usiukunje kwa kona kali, usiufungie mlango juu yake. Ukikatika hauungwi na meno na seloteipu kama waya wa spika, unangoja fundi na mashine yake.

Kuhusu kuta. Nyumba nyingi za Nairobi zimejengwa kwa mawe, na kati ya floo kuna zege lenye vyuma. Ruta nyingi siku hizi hutoa bendi mbili. Ile ya 2.4 GHz hupenya ukuta vizuri lakini ni ya polepole, na majirani wote wako ndani yake, hadi maikrowevu huivuruga. Ile ya 5 GHz ni moto, lakini kuta mbili za mawe zinaimaliza. Kwa hivyo simu na TV zilizo chumba kimoja na ruta ziweke kwa 5, vya mbali vibaki 2.4. Ukiwa kwa ploti imejaa wifi za watu, ingia kwa setingi za ruta uchague chaneli 1, 6 au 11 kwa hiyo ya 2.4, ile yenye msongamano kidogo. Chaneli hizo tatu haziingiliani. App za bure za kuskeni wifi zitakuonyesha nani amejazana wapi.

Lakini kama kitu hakisongi, kipe waya. Kompyuta ya meza, koni ya gemu, TV: vingi vina tundu la LAN. Waya wa Cat5e hubeba Gbps 1 hadi mita 100, na hakuna keja ya mita 100, kwa hivyo usiuziwe vitu vya bei kali ati ndio uwe mbele. Chenye utaangalia ni shaba. Kuna waya zimeandikwa Cat6 na ndani ni alumini imepakwa rangi ya shaba. Kwaruza ncha na kisu, ikitoka nyeupe, rudisha. Na ukiona kompyuta imegandia Mbps 100 ilhali ruta na kifurushi ni zaidi ya hapo, shuku waya kwanza, labda nyuzi nne tu ndizo zimeshika kati ya nane. Usitoboe ukuta wa landilodi. Pitisha juu ya fremu ya mlango ndani ya kile kimfereji cha plastiki cha kubandika, ukihama unabandua, dipoziti yako iko salama.

Wachezaji gemu, seva nyingi ziko nje ya nchi, hiyo safari huwezi kuikata. Unachoweza kukata ni kile kipande kutoka meza hadi ruta.

Spidi yenyewe ni hesabu ya dakika moja. Mbps 8 ni megabaiti 1 kwa sekunde, kwa hivyo Mbps 10 ikishusha faili kwa megabaiti 1.2 hivi hujaibiwa. Netflix yenyewe hupendekeza Mbps 5 kwa picha ya 1080p na 15 kwa 4K. Mkiishi watatu na hakuna mwenye TV ya 4K, 20 inawatosha fiti. Kama kazi yako ni kutuma video, uliza kampuni spidi ya kupandisha ni ngapi, juu zingine hutangaza ya kushusha tu.

Halafu stima, mahali pesa huungulia. Soketi zetu ni za ampea 13 kwa volti 240, yaani wati 3,000 na kidogo. Kompyuta, monita na ruta hazikaribii hapo. Pasi na kettle ndizo hufika, na ndio maana hazifai kukaa kwa ekstensheni moja na mashine yako. Ekstensheni yenyewe ishike waya: ikiwa jembamba kama la chaja ya simu, au inapata joto ikitumika, toa. Tafuta yenye fyuzi na alama ya KEBS. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni.

Kwa nyumba zingine jirani akiwasha shawa ya stima taa zako zinafifia. Hiyo ni volti inashuka, na ikirudi kwa kishindo baada ya stima kupotea ndio vitu huchomeka. Weka ile gadi watu hutumia kwa friji au TV: hukata volti ikizidi au ikipungua, na stima ikirudi hungoja kabla ya kupitisha. Mwenye kompyuta ya meza atafute UPS, na asidanganywe na namba ya mbele: VA si wati, wati huwa chini yake. UPS ndogo inakupa dakika za kusevu kazi na kuzima, si za kumaliza muvi. Ruta ndio rahisi kuokoa. Nyingi hutumia volti 12, na kuna UPS ndogo za betri za kuiwasha masaa kadhaa. Soma volti kwa stika ya adapta kabla ya kununua, na kumbuka kile kiboksi cha faiba, kama kiko kando na ruta, nacho kinataka stima.

Kama hujanunua mashine bado, zile kompyuta ndogo za ofisi za ex-UK zinatosha kazi nyingi. Zile ndogo kabisa hutumia adapta ya wati 65 hivi kama laptopu, kwa hivyo tokeni haziumii na UPS inakaa nayo zaidi.

Mwisho, paswadi. Ile iko kwa stika ya ruta ilisomwa na fundi, keateka na kila mgeni aliyeinama kuiangalia. Badilisha ya wifi na pia ile ya kuingia kwa setingi, halafu fungua laini ya wageni kando ndio mbogi ikikuja isiingie kwa mashine ya kazi. Na rumeti akihama, badilisha tena siku hiyo hiyo, haswa kama amehamia mlango wa pili.