Alama ya X na Historia Yake

Mwaka mmoja niliongeza fremu mbili za duka mbele ya nyumba yangu. Kibali sikuomba. Nilijiambia kiwanja ni changu, saruji ni yangu, na fundi namlipa mwenyewe. Kabla lipu haijakauka, asubuhi moja nikakuta ukutani alama ya X nyekundu na maneno mawili: SIMAMISHA UJENZI. Jirani yangu akacheka, akasema, "Leo mtangazaji katangazwa yeye!"

Nilikasirika, kama wanavyokasirika wengi. Lakini hasira ile ndiyo iliyonisukuma kusoma habari za sheria hizi, na niliyoyakuta ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Katika jiji la Dar es Salaam, amri za ujenzi hazikuanza jana. Mwaka 1891, Wajerumani walipohamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo, walitoa amri iliyougawa mji kwa aina ya nyumba. Sehemu moja ilikuwa ya nyumba za Kizungu tu. Ya pili ilikuwa ya nyumba za vifaa vya kudumu. Miti, udongo na makuti viliruhusiwa katika sehemu ya tatu. Waingereza nao, mwaka 1924, wakauchora mji kanda tatu: ya kwanza ya nyumba za Kizungu, ya pili ya makazi na biashara, ambako wengi walikuwa Wahindi, na ya tatu, yaani Kariakoo na Ilala, ikawa ya Waafrika.

Tazama ujanja uliokuwamo. Kanuni ilitaja nyumba, haikutaja rangi ya mtu. Ukimwambia mtu asiye na fedha za mawe kwamba hapa hujengwa nyumba za mawe tu, umekwisha kumfukuza bila kumfukuza. Na pale Mnazi Mmoja paliachwa wazi, kwa hoja ya afya, ili kanda ya pili isigusane na ya tatu.

Kariakoo yenyewe ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Huko viwanja vilipangwa kwa mistari iliyonyooka, na wazee wetu wakajenga nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, jiko na choo uani. Nyumba ilikuwa yao, lakini kiwanja kilikuwa cha serikali. Si ajabu basi kwamba marehemu mjomba wangu, aliyekulia Ilala, alikuwa akimwona bwana afya anakuja na daftari lake, anafunga mlango. Kwake yeye kanuni ya ujenzi ilikuwa kitu cha kukimbia.

Woga huo tumeurithi. Uhuru ulikuja mwaka 1961, lakini sheria ya mipango ya miji ya mwaka 1956 iliendelea kutumika kwa miaka mingi, mpaka ilipotungwa Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007.

Hata hivyo, ndugu zangu, historia hiyo isitupe kisingizio. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024, huko huko Kariakoo, jengo la maduka lilianguka asubuhi watu wakiwamo ndani, na zaidi ya watu 20 walikufa. Hao hawakuuawa na mkoloni. Kibali cha ujenzi, kikifanya kazi yake, ni macho ya mhandisi juu ya nguzo kabla ya mchuuzi kupanga nguo chini yake.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kununua au kujenga, uliza mambo matatu kabla ya kuita fundi. Kwanza, mchoro wa mipango miji unasema kiwanja hicho ni cha nini: makazi, biashara, au eneo la wazi? Kuwa na hati hakukupi ruhusa ya kubadili matumizi, hayo huombwa. Pili, mipaka iko wapi, na barabara, mfereji na bonde viko umbali gani? Tatu, ramani ya jengo lako imepitishwa na halmashauri, na unachojenga ndicho kilichochorwa? Ukiongeza ghorofa ambalo halimo katika kibali, huna kibali cha ghorofa hilo.

Nirudi kwenye fremu zangu. Nilipokwenda ofisini nilizungushwa siku nne, dirisha hili na lile. Siku ya tano kijana mmoja akanikunjulia mchoro mezani. Pale nilipojenga ndipo yalipopangwa kupita maji ya mvua ya mtaa mzima. Maelezo yake hayakuchukua dakika kumi. Nilirudi nyumbani nikazivunja mwenyewe.

Swali langu kwa wakubwa wa halmashauri zetu ni hili: kwa nini mchoro ule haukubandikwa katika ofisi ya serikali ya mtaa, tukauona kabla ya kununua tofali la kwanza? Sheria ambayo mwananchi huiona mara ya kwanza kwa rangi nyekundu ukutani, ataikimbia kama mjomba wangu alivyomkimbia bwana afya.