Ghala, Gunia, Friji: Historia Fupi ya Akiba ya Gusii

Kabla ya friji, Mgusii alikuwa na ekiage. Ghala la duara, la fito zilizosukwa, limeezekwa nyasi na kuinuliwa juu ya ardhi ili unyevu usipande. Ndani yake kulikaa wimbi. Siku hizi mjini tunalijua wimbi kama uji wa mtoto, au ule unga wa bei kali kwenye rafu ya supamaketi. Lakini kwa vizazi vingi ndilo lililokuwa obokima, yaani ugali wenyewe. Punje zake ni ndogo na ngumu kiasi kwamba wadudu wengi wa ghalani hawazisumbui. Likikauka vizuri, wimbi hukaa hata miaka 10. Hebu piga hesabu: unavuna ukiwa darasa la kwanza, unakula ukiwa sekondari. Bila stima.

Ghala lilikuwa pia mamlaka. Kwenye boma la wake wengi, kila mke alikuwa na nyumba yake, mashamba yake na ghala lake. Kuhifadhi chakula hakukuwa kazi ndogo ya jikoni. Aliyejua kuhifadhi ndiye aliyeshika maisha ya watoto wake mwaka wa njaa.

Kwa vyakula vingine, mbinu zilikuwa tofauti. Gusii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, kwa hiyo huwezi kutegemea jua likukaushie kila kitu. Maziwa yaligandishwa kwenye kibuyu yakawa amabere amaruranu, kwa sababu asidi ya mgando huwazuia bakteria wengi waharibifu. Chinsaga ilichemshwa sana, ikatiwa maziwa, ikapashwa moto tena na tena. Samaki wakavu walipanda kutoka ziwani kwa Wajaluo, na nafaka ikateremka. Na fahali akichinjwa, nyama iligawiwa jirani wote. Kesho jirani naye angechinja. Akiba yako ilikuwa tumboni mwa watu.

Halafu mambo yakabadilika. Waingereza walishambulia Gusii mwaka 1905, wakarudi tena 1908. Baada ya bunduki ikaja kodi, na kodi ilitaka pesa. Mahindi meupe yakaenea: yanazaa sana, na ganda lake huyakinga na ndege kuliko wimbi linalolindwa na watoto kutwa nzima. Miaka ya 1930 Kisii ikawa kati ya sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kupanda kahawa. Baadaye majani chai yakafunika miteremko ya Nyamira. Watu wakaongezeka, mashamba yakagawanywa vipande vipande, na wimbi likabanwa pembeni.

Mahindi yana shida moja kubwa: hayakai. Fukusi huyatoboa ndani ya miezi michache, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaingia Kenya dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati, mkali kuliko fukusi. Yakihifadhiwa na unyevu huota kuvu yenye sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125, wengi wao Ukambani. Kwa hiyo familia nyingi zikaacha ghala, zikawa watu wa gunia: unauza chai, unanunua unga Daraja Mbili.

Friji nayo ilikuwa bado inakuja polepole. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji inayoendeshwa na joto. Ndiyo maana friji ya mafuta ya taa iliweza kufika hospitali za misheni mbali na nyaya za umeme, ikitunza chanjo. Stima kwa mwananchi wa kawaida ilichelewa sana. Mpango wa Last Mile ulipoanza 2015, gharama ya kuunganishwa ilishuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Nguzo zikapanda vilima, na baada ya taa na televisheni, wengine wakaanza kuulizia friji.

Sasa angalia mwelekeo wa historia hii. Ghala lilitunza chakula miaka. Gunia, miezi. Friji hutunza mboga iliyopikwa siku tatu au nne, na tokeni zikiisha au stima ikipotea, una saa 4 hivi, tena kama hujafungua mlango. Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani, sehemu nyingi zilikaa hivyo hadi kesho yake. Tumepata chombo kizuri chenye akiba fupi.

Lakini sheria za ekiage bado zinafanya kazi. Ghala lilihitaji hewa. Friji pia, kwa hiyo isogeze mbali kidogo na ukuta. Ghala halikuingizwa nafaka mbichi. Friji haitaki sufuria inayofuka moshi. Gawa chinsaga kwenye vyombo vifupi ipoe haraka, kisha iingie kabla ya saa 2 kupita. Mlango wa ghala ulibana. Bana karatasi kwenye mpira wa mlango wa friji, ikichomoka bila kushika, tokeni zako zinavujia hapo. Weka nyuzijoto 4. Kushusha zaidi ni kulipia baridi usiyoihitaji, na kwenye baridi ya Nyamira mashine ina kazi nyepesi kuliko Mombasa.

Na si kila kitu kiingie. Ndizi mbichi huwa nyeusi, viazi vitamu hukakamaa katikati, parachichi bichi haliivi vizuri. Magokoro aliviacha kwenye kona kavu yenye kivuli, na alikuwa sahihi.

Basi nunua friji ukiweza, ukiangalia nyota kwenye lebo ya EPRA. Ila weka pia debe la wimbi kavu, na jifunze kugandisha maziwa maadamu wanaojua bado wapo. Siku stima itakapopotea, ujuzi huo hautakuuliza tokeni.