Uwiano wa difu na ukubwa wa tairi

Uwiano wa difu ni hesabu ya mara ngapi propela inazunguka ili gurudumu lizunguke mara moja. Ndani ya difu kuna gia mbili zinazoumana: pinioni, ambayo ni ndogo na hupokea nguvu kutoka kwenye propela, na kraunwili, ambayo ni kubwa na huupeleka mzunguko kwenye ekseli. Kraunwili ya meno 37 ikiumana na pinioni ya meno 9 hutoa uwiano wa 4.11. Namba hiyo ikipanda, gari linavuta kwa nguvu zaidi, lakini injini inapiga mizunguko mingi zaidi kwa mwendo uleule. Ikishuka, injini inatulia barabarani na kuchoka mapema mlimani. Watengenezaji huichagua kwa kuangalia injini, uzito wa gari na tairi walilolikusudia. Ndiyo maana Land Rover Series za zamani zilikuwa na 4.7, ilhali Range Rover ya 1970, yenye injini ya V8, ilipewa 3.54.

Tairi nalo ni gia, ingawa halina meno. Lililo refu hula ardhi nyingi zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo anayefunga matairi makubwa amebadilisha difu zake bila kufungua boliti hata moja, na amezibadilisha kuelekea upande asioutaka.

Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 80, iliyoanza kuuzwa 1990, inaonyesha jambo hili vizuri. Tuchukue yenye injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2, giaboksi ya mkono, difu za 4.11 na matairi ya 275/70R16. Kimo cha tairi hilo hupatikana hivi: upana wa milimita 275 mara 0.70 ni 192.5, mara mbili, kwa kuwa mpira uko juu na chini ya rimu, ni 385, ongeza rimu ya inchi 16, yaani milimita 406.4, unapata 791.4. Gari likibeba uzito tairi hubonyea kidogo, lakini kwa kulinganisha tairi na tairi hesabu hii inatosha. Kwa kilomita 80 kwa saa, katika gia ya nne ambayo haipunguzi wala kuongeza mzunguko, injini inapiga takriban mizunguko 2,200 kwa dakika. Hapo ndipo 1HZ hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha, karibu Nm 285. Gari liliwekwa hapo kwa makusudi.

Sasa mwenye gari anataka kupita kwenye mawe na matope, anafunga 315/75R16, ambayo kwa mazoea huitwa tairi la inchi 35. Kimo chake ni milimita 878.9, zaidi ya lile la mwanzo kwa asilimia 11. Alichopata chini ya difu ni nusu ya nyongeza hiyo, kama sentimita 4.4, na kwenye njia mbovu sentimita nne ni nyingi kweli. Alichopoteza ni takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu inayosukuma gari pale mpira unapogusa ardhi, katika kila gia, kuanzia ya kwanza hadi ya kurudi nyuma. Kwa kilomita 80 zilezile injini sasa iko chini ya 2,000. Gia ya tano inakuwa pambo. Kwenye mwinuko dereva anashuka hadi ya tatu mahali alipokuwa akipita na ya nne, na akianza kuondoka mlimani akiwa na mzigo anaburuza klachi mpaka inanuka. Wengi hulaumu klachi au pampu ya dizeli na kuanza kununua speya, wakati injini yao haina kosa lolote.

Spidomita nayo inadanganya. Kwenye gari hili husoma mzunguko unaotoka kwenye transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, hivyo ikionyesha 100, gari liko kwenye 111. Kipimo cha safari kinapunguza vilevile: kikisema kilomita 500, umekwenda 555. Anayepima ulaji wa mafuta bila kurekebisha hesabu hii atadhani gari linakunywa kuliko linavyokunywa.

Njia ya kurudisha mambo mahali pake ni kuzidisha uwiano wa zamani kwa kimo kipya, kisha kugawanya kwa kimo cha zamani. Hapa jibu ni 4.57. Kuna seti ya meno 41 kwa 9, yaani 4.556, na ni karibu sawasawa: kwa kilomita 80 injini inarudi 2,200, na spidomita inasema kweli tena. Ipo pia ya 39 kwa 8, yaani 4.875, ambayo inavuka pale gari lilipokuwa mwanzo na kupandisha mizunguko hadi 2,350 au zaidi kidogo.

Ipi ichaguliwe? Kwa injini ya turbo kama 1HD-T, yenye nguvu tele chini ya mizunguko 2,000, 4.556 inatosha. Kwa 1HZ isiyo na turbo ningechagua 4.875 iwapo gari linaishi nyanda za juu. Injini inayovuta hewa bila turbo hupoteza, kwa kadirio la kawaida, asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, na Nairobi iko karibu mita 1,700. Magari ya mashindano ya Rhino Charge nchini Kenya, yanayofanyika tangu 1989 kuchangia hifadhi, yana sababu nyingine tena. Huko mshindi ni aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake, basi gari linapandishwa moja kwa moja juu ya korongo badala ya kulizunguka. Hata hivyo 4.875 ina gharama yake: pinioni ya meno 8 ni nyembamba kuliko ya meno 9, na kwenye lami injini inapiga kelele.

Kwa anayeishia 285/75R16, kimo kimeongezeka kwa asilimia 5 tu. Huyo abaki na 4.11 na fedha zake aziweke kwenye breki na shokomzoba.

Wengine hubadilisha gia ndogo za transfa. Jeep Wrangler Rubicon hutoka kiwandani na transfa ya 4 kwa 1 pamoja na difu za 4.10, na ya giaboksi ya mkono ya kizazi cha JK, yenye gia ya kwanza ya 4.46, hufikisha jumla ya 73 kwa 1. Hilo ni msaada mkubwa kwenye mawe, lakini haligusi kabisa safari ya barabarani ambako gia kubwa ya transfa ndiyo inatumika.

Kabla ya kuagiza chochote, hakikisha ulicho nacho, maana gari lililopita mikono mingi huenda lina difu ya gari jingine. Kwenye difu isiyo na loki, zuia magurudumu ya mbele, weka giaboksi huru, achia breki ya mkono, kisha inua gurudumu moja tu la nyuma na kuweka stendi. Piga alama ya chaki kwenye propela. Zungusha gurudumu hilo mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu: propela ikizunguka mara nne na kidogo, ni 4.11, ikikaribia mara tano, ni 4.875.

Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Mfululizo wa 80 aghalabu huendesha magurudumu yote manne muda wote, na zikitofautiana difu ya kati inasagika bila kupumzika. Ikifungwa, ekseli mbili zinapigana mpaka kitu kivunjike. Ya mbele ina pinioni iliyokaa juu ya kitovu cha kraunwili, kwa hiyo seti yake hukatwa kinyume na haibadilishani na ya nyuma. Ukirudi nyuma, meno yake hubebeshwa mzigo kwa upande wao dhaifu, na difu nyingi za mbele za gari hili zimevunjikia hapo, dereva akirudi kinyumenyume mlimani.

Kufunga gia hizi kunataka fundi mwenye geji na subira. Kraunwili na pinioni husagwa pamoja kiwandani na hazitenganishwi kamwe. Nafasi kati ya meno kwenye difu ya nyuma huwekwa kati ya milimita 0.15 na 0.20 kwa kupanga shimu, kisha meno hupakwa rangi na kuzungushwa: alama ikikaa katikati ya jino kazi ni nzuri, ikikimbilia ncha au mzizi, shimu zinapangwa upya. Safari za kwanza ziwe fupi, bila kuvuta trela, na difu iachwe ipoe kati ya safari na safari. Baada ya kilomita 800 hivi mwaga oili na utazame kizibo chenye sumaku. Uji laini wa kijivu ni wa kawaida kwa gia mpya. Vipande vinavyohisika kwa kidole vinamaanisha difu ifunguliwe tena.