Ziwa Tanganyika: Njia Kuu Iliyogeuzwa Mandhari

Watalii wengi wanaofika Kigoma hufuata mambo mawili: sokwe wa Gombe, na salamu ambayo Stanley alidai kumpa Livingstone pale Ujiji mwaka 1871. Sokwe wapo, hapana shaka. Ile salamu shahidi wake ni Stanley mwenyewe, na kurasa za shajara yake zinazohusu mkutano huo zilichanwa. Ziwa lenyewe, lililowakutanisha watu wa pande zote nne muda mrefu kabla ya wazungu hao, hubaki kuwa pazia la nyuma la picha.

Na si ziwa dogo. Lina urefu wa kilomita zipatazo 670 kutoka kaskazini hadi kusini, huku upana wake kwa wastani ukiwa kilomita 50 tu. Limekaa katika ufa wa magharibi wa Bonde la Ufa, na kina chake kinapita mita 1,400. Duniani ni Baikal la Urusi pekee linalolizidi. Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zinagawana maji yake. Maji ya chini hayachanganyiki sawasawa na ya juu, hivyo kilindini hakuna hewa ya oksijeni, na dagaa, migebuka na kuhe wote wanaishi katika tabaka la juu. Utajiri wote unaouzwa asubuhi Kibirizi, ufukwe wa wavuvi mjini Kigoma, unatoka katika tabaka hilo jembamba.

Mto wa kutolea maji ni mmoja, Lukuga, upande wa Kongo. Mpelelezi Mwingereza Cameron aliufikia mwaka 1874. Katika miaka ile mdomo wake ulikuwa umezibwa na matope na mimea, na ziwa likawa linapanda. Baadaye kizuizi kikavunjika, maji yakashuka, na fukwe zikasogea mbali na miji. Ndiyo maana mgeni anayeonyeshwa mnara wa Livingstone pale Ujiji hushangaa kuukuta mbali na maji. Tangu mwaka 2020 hali imegeuka: ziwa limepanda na kuingia bandarini Kigoma na katika mitaa ya Bujumbura na Uvira.

Ujiji ilikuwa mji wa Waswahili na Waarabu, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora. Hapo pembe za ndovu na watumwa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, walivushwa kwa mitumbwi kabla ya kuanza safari ya miguu kwenda pwani. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Februari 1858, Burton alikuwa hoi kwa ugonjwa, na Speke, kwa maradhi ya macho, hakuweza kuliona ziwa vizuri. Miongoni mwa waliowafikisha ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India. Bombay huyohuyo alikuwamo katika msafara wa Stanley, kisha katika ule wa Cameron. Kwa maoni yangu, kama kuna mtu anayestahili mnara Ujiji, ni yeye.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na juu yake ikaja meli ya Kijerumani, Graf von Götzen, iliyojengwa Papenburg, ikafunguliwa vipandevipande na kupakiwa katika maelfu ya makasha. Ilizinduliwa mwaka 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, Waingereza nao waliburuta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kupitia porini. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, mafundi waliipaka mitambo ya meli grisi nzito kisha wakaizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi. Grisi hiyo iliiokoa. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini ikiitwa Liemba.

Kwa miongo mingi Liemba ilishuka hadi Mpulungu, Zambia. Vijiji vingi vya njiani havina gati. Meli ilisimama mbali, mitumbwi ikaizunguka, watu, magunia ya dagaa na mbuzi wakapanda na kushuka katikati ya kelele. Mwaka 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka kijiji cha Kagunga, karibu na mpaka, hadi Kigoma. Baadaye ilikaa bandarini kwa miaka ikisubiri ukarabati.

Utalii ulikuja kwa mlango mwingine. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, na hifadhi ikatangazwa mwaka 1968. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kazi katika milima ya Mahale, kusini zaidi kando ya ziwa, katika miaka ya sitini, na Mahale ikawa hifadhi mwaka 1985. Gombe hufikiwa kwa boti, na ndani ya Mahale hutembei kwa gari bali kwa miguu. Lakini mgeni mwenye fedha huruka kwa ndege ndogo hadi karibu na Mahale, anawaona sokwe, anaogelea, anaondoka. Bandari ya Kasanga, kusini mwa ziwa, haioni, wala Kalambo, maporomoko yenye urefu unaozidi mita 200 mpakani mwa Tanzania na Zambia. Mama anayeanika dagaa Kibirizi hapati hata shilingi yake.

Wanaopanga utalii wa mkoa huu waanze na meli. Liemba ikirudi kubeba abiria kama zamani, mtalii atakaa sitaha moja na mfanyabiashara wa migebuka, na Ujiji, Kasanga na Mpulungu zitakuwa vituo vya safari moja. Hoteli zinaweza kusubiri.