Kidonda cha Kuku wa Uani: Habari za Nzi na Tiba katika Viunga vya Dar es Salaam

Historia ya mifugo katika Afrika ya Mashariki imeandikwa aghalabu kama historia ya ng'ombe. Ng'ombe alihesabiwa, akaogeshwa, akachanjwa, na maradhi yake yakajaza makabrasha ya serikali ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, kisha ya Tanganyika huru. Kuku hakupata heshima hiyo. Aliishi uani, akala makombo, akataga nyuma ya mtungi au chini ya kitanda, na alipokufa hakuna karani aliyeandika. Walakini katika viunga vya Dar es Salaam, kutoka Temeke na Mbagala hadi Kinondoni na Tegeta, hapana mfugo uliokaa karibu zaidi na maisha ya watu kuliko ndege huyu. Na katika mambo yaliyomsumbua, moja halikupata nafasi hata katika hesabu ya maradhi: kidonda kilichoingiwa na mabuu ya nzi. Habari za kidonda hicho ni ndogo kwa kuzitazama, lakini ndani yake mna swali kubwa: nani hutibu, kwa elimu ipi, na mali inayookolewa ni ya nani.

Kuku ni mgeni wa kale wa pwani. Asili yake ni kuku mwitu wa misitu ya Asia, na mifupa iliyofukuliwa Unguja Ukuu yathibitisha kwamba alikwisha kufika katika visiwa hivi kwenye karne ya 7 na ya 8, akiletwa na vyombo vya biashara ya Bahari ya Hindi. Wenyeji walimfanya wao, wakampa majina kwa maumbile yake: kuchi, mrefu wa miguu na mpenda vita; kishingo, asiye na manyoya shingoni. Majina hayo yenyewe yadokeza mahali jeraha linapoanzia. Kuchi hujeruhiwa kwa kupigana, na shingo tupu ya kishingo haina pazia la kuificha ngozi iliyochubuka.

Nzi wenyewe ni wa namna mbalimbali. Wako wale wenye kung'ara rangi ya kijani au ya buluu, ambao huvutwa na harufu ya uozo, wakataga juu ya mzoga, juu ya jalala, na juu ya manyoya yaliyogandiwa na kinyesi. Yuko na mwingine, ambaye wataalamu humwita Chrysomya bezziana, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1914 kutokana na nzi waliopatikana Kongo. Huyu hataki mzoga. Hutaga ukingoni mwa kidonda cha kiumbe aliye hai, na mabuu yake hula nyama nzima. Mayai huanguliwa katika muda wa siku moja au pungufu. Mabuu huzama kichwa chini, wakiacha nje ncha ya mkia wanayopumulia. Na baada ya siku tano hadi saba huanguka chini, wakajifukia udongoni ili kugeuka nzi. Kwa kuku mwenye uzito wa kilo moja na nusu, siku hizo chache zatosha kumaliza maisha.

Yafaa kukumbuka kwamba binadamu walichelewa sana kuujua uhusiano huu wa nzi na buu. Kwa karne nyingi wenye elimu wa Ulaya waliamini kuwa buu huzaliwa na uozo wenyewe. Mwaka 1668 tabibu Francesco Redi wa Italia aliweka nyama katika vyombo, vingine vikiwa wazi na vingine vimefunikwa, akaona kwamba pasipofika nzi hapatokei buu. Jambo hilo jepesi ndilo msingi wa kinga yote iliyofuata: azuiaye nzi huzuia buu. Hata hivyo elimu ilikuwa na upande wa pili. Madaktari wa vita, tangu Ambroise Paré wa Ufaransa katika karne ya 16, waliona kwamba askari wengine wenye mabuu vidondani hawakufa upesi. Na William Baer wa Marekani, aliyeyaona hayo katika Vita Kuu ya Kwanza, aliwatumia mabuu kusafisha mifupa iliyooza ya wagonjwa, akaandika matokeo yake mwaka 1931. Lakini mabuu ya Baer yalilelewa kwa usafi na yalikuwa ya nzi walao nyama mfu. Mfugaji aliyesikia nusu ya habari hiyo, akamwachia kuku mabuu yake ili yasafishe kidonda, alikosa kujua ni nzi yupi aliyetaga, na aghalabu alimpoteza kuku.

Serikali za kikoloni hazikujishughulisha na jambo hili. Robert Koch alipokaa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, macho yake yalikuwa kwa malaria na kwa maradhi ya ng'ombe. Sotoka ilikuwa imekwisha kufyeka makundi ya ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kituo cha utafiti wa mifugo huko Mpwapwa kilikuwa na ng'ombe mbele ya macho yake kabla ya kiumbe kingine chochote. Mjini nako, mpango wa Wajerumani wa mwaka 1914 uliugawa mji kwa namna ya majengo, na nyuma ya namna ya majengo palikuwa na rangi za watu. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walipanua makazi ya Waafrika huko Ilala, Magomeni na Temeke. Katika fikira za maofisa wa afya, kuku wa Uswahilini alikuwa suala la uchafu tu. Hakuonekana kuwa mali, sembuse kuwa mgonjwa.

Kwa hiyo tiba ilibaki uani, mikononi mwa akina mama na watoto. Walitumia walichokuwa nacho. Majani ya mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi na kupewa jina kwa sifa ya kutibu maradhi arobaini, yalitwangwa na maji yake yakamwagwa kidondani. Utomvu wa mshubiri ulipakwa. Majivu yalinyunyizwa ili kukausha. Wengine walitia maji ya tumbaku, na wengine mafuta ya taa au oili chafu ya gari. Haifai kuzikusanya dawa hizi zote katika sifa moja wala katika lawama moja. Mwarobaini una viini vinavyowachukiza wadudu, na hiyo ndiyo sababu umedumu. Majivu hukausha, lakini huchafua kidonda kibichi. Ama tumbaku ni sumu ipenyayo ngozi. Na mafuta ya taa huwatoa mabuu kweli, lakini huunguza nyama iliyobaki hai, na kuku hujidonoa akayameza. Wengi waliomwona buu ametoka walidhani wameponya, kumbe walikuwa wameongeza jeraha juu ya jeraha.

Badiliko kubwa lilikuja katika miaka ya 1980. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na kwa sababu za uchumi zilizokwisha kuanza kabla yake, mshahara wa mfanyakazi wa mjini uliporomoka hata haukutosha chakula cha mwezi. Mwaka 1983 serikali ilitunga Sheria ya Nguvu Kazi, ikitaka kuwarudisha mashambani watu wasio na kazi inayotambuliwa. Watu wa Dar es Salaam hawakuondoka, walianzisha miradi. Aili Mari Tripp, mtaalamu wa siasa aliyefanya utafiti mjini humo mwishoni mwa miaka hiyo, alieleza jinsi familia zilivyoishi kwa miradi hiyo kuliko kwa mshahara, na kuku walikuwa miongoni mwake. Karani, mwalimu na muuguzi walijenga vibanda nyuma ya nyumba. Hatimaye sheria yenyewe ilikubali yaliyokuwa yakitendeka: Kanuni za Kilimo cha Mijini za mwaka 1992 zilikiri kuwapo kwa wakulima na wafugaji wa mjini, zikiwawekea masharti.

Kuku walipokuwa wengi katika ua mdogo, vidonda navyo viliongezeka. Kuku waliobanana hudonoana mpaka damu itoke. Jogoo mmoja kati ya mitetea wachache huwachuna mgongo. Kuku mwenye kuhara hugandiwa na kinyesi chini ya mkia, na hapo ndipo nzi huanzia hata bila jeraha. Ndui huacha magamba usoni, nguchiro na mwewe huacha alama za meno na kucha. Tena kuku wengi walitoka mbali. Wale wa Singida na Dodoma walisafirishwa mamia ya kilomita ndani ya matenga, wakashushwa katika masoko kama Kisutu na Shekilango, wengine wamefungwa kamba miguuni. Na kamba iliyokaza ni mlango wa nzi. Masika yanapokwisha, au embe zinapooza chini ya miti mwishoni mwa mwaka, nzi huwa tele, na mfugaji huona kwa siku moja kuku wawili watatu wamejikunyata pembeni, mabawa yameshuka, wananuka.

Wakati huohuo, elimu ya maabara nayo ilikuwa ikifanya kazi katika viunga hivyo hivyo. Maabara Kuu ya Mifugo ilikuwa Temeke, na tangu mwaka 2012 imekuwa chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Adui wake mkubwa kwa upande wa kuku alikuwa kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Kideri kilitambuliwa duniani mwaka 1926 katika Java na Newcastle, kikaripotiwa Kenya mwaka 1935, na kwa miongo mingi kiliweza kufagia kuku wa mtaa mzima kwa juma moja. Chanjo za zamani zilihitaji barafu toka kiwandani hadi kwa kuku, jambo gumu palipokosekana umeme. Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitayarisha chanjo iitwayo I-2, yenye kustahimili joto kuliko zile za awali. Na maabara ya Temeke ikaitengeneza kwa ajili ya wafugaji wa nchi. Hutiwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila miezi mitatu au minne.

Hapo ndipo habari mbili zinapokutana. Kideri kilipata chanjo kwa kuwa huua wengi kwa pamoja, na kifo cha wengi huhesabika. Kidonda cha mabuu huua mmoja leo na mwingine mwezi ujao. Hakiambukizi ua wa jirani, hakitangazwi, hakina kampeni. Lakini tone la jichoni lina sharti moja: kila kuku hana budi kukamatwa na kushikwa. Ashikaye kuku ili kumtia tone huhisi kwa vidole manyoya yaliyolowa, huona chini ya mkia, hunusa. Hivyo chanjo iliyotengenezwa kwa ajili ya ugonjwa mwingine ilileta uani desturi ambayo kidonda kiliihitaji siku zote, yaani desturi ya kumkagua kuku mmoja mmoja. Kasoro yake ni kwamba mara tatu au nne kwa mwaka hazitoshi kwa adui anayemaliza kazi yake kwa siku saba.

Tiba inayokubaliwa na wataalamu si ngumu wala ghali. Kuku hutengwa na wenzake, kwani wataiona damu na kumdonoa. Manyoya yanayozunguka kidonda hukatwa. Kidonda huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa na kutiwa chumvi, kiasi cha kijiko kimoja na nusu cha chai kwa lita. Mabuu huondolewa mmoja mmoja kwa kibano, na huoshwa tena, kwa kuwa wadogo hujificha katika mikunjo. Hao waliotolewa hutiwa katika maji ya sabuni au motoni, wala hawatupwi chini, maana udongo ndio nyumba yao ya kugeukia nzi. Kisha hupakwa dawa ya madini ya joto, na kuku huwekwa ndani ya wavu mahali pakavu, akapewa maji na chakula, akatazamwa asubuhi na jioni mpaka nyama mpya ionekane. Kidonda kilichofika tumboni ni cha daktari wa mifugo, au ni cha kisu kwa huruma. Na itumiwapo dawa ya kuua vijidudu ya kumeza au ya sindano, mayai na nyama haviliwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zitimie. Sharti hilo huvunjwa mara nyingi, na hasara yake humfikia mlaji asiyejua.

Yawezekana kuuliza kama nzi mwenyewe hawezi kukomeshwa. Imewezekana mahali pengine. Libya ilivamiwa mwaka 1988 na nzi wa vidonda kutoka bara la Amerika, naye akatokomezwa kwa kumwagiwa madume tasa waliolelewa Mexico. Unguja, kwa njia hiyohiyo, ilimwondoa mbung'o katika miaka ya 1990, kwa madume tasa waliolelewa Tanga. Lakini mbung'o wa Unguja alizungukwa na bahari, na nzi wa Libya alikuwa mgeni wa eneo moja. Nzi wa Temeke na Kinondoni ni wenyeji wa bara zima, tena ni wa namna nyingi. Kinga yao ni ile ya Redi: kufukia mzoga, kukausha na kuondoa samadi, kuzoa embe zilizooza, na kutomwacha nzi akifikie kidonda.

Kuku wa uani aghalabu ni mali ya mama wa nyumba, mali ambayo huweza kuiuza bila kuomba ruhusa: daftari la mtoto, nauli ya kwenda hospitali, sukari ya mgeni wa ghafla. Afapo kuku huyo, hapana takwimu inayopungua, lakini mkono mmoja hubaki mtupu. Maabara ilifanya sehemu yake kwa adui wa wengi. Kwa adui huyu wa mmoja mmoja dawa zimekuwapo siku zote, na jirani yake imekuwa chumvi ya jikoni. Kilichokuwa adimu ni muda wa mtu mwenye kazi nyingi kuinama kila jioni, kabla ya kufunga banda, na kumtazama kuku chini ya mkia.